Ukienda Epcot, Nenda na Njaa

Tangu tuhamie Atlanta, kila mgeni anayetoka nyumbani anakuja na swali lake mkononi: "Disney mnatupeleka lini?" Orlando ni mwendo wa saa saba hivi kwa gari, kwa hiyo visingizio hatuna. Watoto wanalilia Magic Kingdom yenye kasri. Ila wageni wangu watu wazima, hasa wazee, huwa nawapeleka Epcot, na wengi wao hurudi wakisema hiyo ndiyo waliyoifurahia. Basi niwaandikie ninayoyajua, maana ndugu na jamaa wanauliza yale yale kila likizo ikikaribia.

Epcot ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, na ni bustani ya burudani ya pili kati ya nne za Walt Disney World, huko Orlando. Mbele kuna lile tufe kubwa la rangi ya fedha, urefu wake mita 55, pamoja na michezo ya magari na ya anga. Nyuma kuna ziwa la kuchimbwa, na kandokando yake zimejipanga nchi 11: Mexico, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani yenyewe, Japani, Morocco, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Aliyewahi kuzunguka Sabasaba atanielewa upesi: kila nchi na banda lake, duka lake na chakula chake. Tofauti ni kwamba banda hapa ni mtaa mzima, na wahudumu wengi wametoka nchi hiyo hiyo. Ukitaka kujua, soma beji kifuani. Imeandikwa jina na mahali anakotoka. Wasalimie. Wengi ni vijana waliokuja kwa mkataba wa muda, na wakiona mtu ameuliza habari za kwao badala ya kuuliza choo kiko wapi, wanachangamka.

Upande huo wa nchi kwa kawaida hufunguliwa saa tano asubuhi, wakati mbele kunafunguliwa mapema zaidi. Kwa hiyo asubuhi malizeni michezo yenu huko mbele, chai mnywe nyepesi tu, halafu saa tano muingie Mexico. Mkianzia huko mtazunguka ziwa mpaka Kanada, mwendo wa kilomita 2 hivi. Kwa kijana si kitu. Kwa bibi mwenye magoti, chini ya jua la Florida, ni safari. Kuna boti za bure zinazovuka ziwa na kutia nanga Ujerumani na Morocco. Zitumieni bila aibu. Viti vya magurudumu vinakodishwa karibu na lango.

Sasa chakula, ambacho kwangu ndicho sababu ya kwenda. Ushauri wangu ni huu: msikae mezani mchana. Mgahawa wa kukaa, sahani moja ya mtu mzima kuzidi dola 30 si ajabu, mtapoteza saa nzima na ushee, na mkiinuka mmeshiba nchi moja tu huku kumi zinawasubiri. Nunueni kitu kidogo kila mnapopita, mgawane. Familia ya watu wanne ikinunua vitu viwili kila banda inatosha kabisa.

Norway msipite bila kuingia kwenye duka la mikate linaloitwa Kringla. Ombeni "school bread". Ni mkate mtamu wa duara, unga wake una iliki, katikati umejazwa kastadi ya vanila, na juu umepakwa sukari kisha ukanyunyiziwa nazi iliyokaangwa. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tanga, aliugeuza geuza, akanusa, akauma kidogo. "Iliki wameweka vizuri," akasema, "nazi wameibabua." Kisha akaumaliza wote, kipande changu pia.

Ujerumani kuna soseji za nguruwe na bia kwa wingi, kwa hiyo sisi kwetu huwa ni kituo cha duka la karameli tu. Bisi zao zimechovywa kwenye karameli inayopikwa pale pale unaiona, na watoto wanapata treni ndogo za kutazama nje. Italia wana piza ya tanuri la kuni, nzuri, ila ni ya kukaa mezani. Ufaransa, mlango wa nyuma kabisa, kuna duka la mikate la Les Halles. Foleni yake ni ndefu lakini inakwenda, na kwa pesa unayotoa sijaona pengine pa kulishinda. Someni tu kilichomo ndani ya mkate. "Jambon" ni nguruwe.

Kwa Waislamu wenzangu: msidhani kwa kuwa banda ni la Morocco basi nyama ni halali. Ulizeni kaunta kabla ya kulipa, na kama ni mgahawa wa kukaa, andikeni ombi lenu wakati wa kuweka nafasi. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na migahawa maarufu hujaa haraka. Zaidi ya hapo, chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, mradi msibebe chupa za glasi. Sambusa zetu zimeshapita langoni mara nyingi na mlinzi hakuuliza kitu. Maji pia msinunue. Kaunta zinazouza soda humpa kila anayeomba kikombe cha maji ya baridi, bure.

Hiyo Morocco yenyewe ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inauma kuona watu wanaipita mbio kuelekea Ufaransa. Banda lilifunguliwa mwaka 1984, na Mfalme Hassan wa Pili alituma mafundi kutoka kwao waje kuweka vigae na kuchonga plasta. Mnara wa mbele umeigwa ule wa msikiti wa Koutoubia wa Marrakech. Ingieni ndani, mpite uwanja wa kwanza, mfike kwenye vichochoro ambako kelele za ziwa zinakatika. Sogezeni uso karibu na ukuta: kila nyota imejengwa kwa vipande vidogo vilivyokatwa kimoja kimoja, na ukipitisha kidole utaona kingo hazilingani sawasawa. Mama mkwe alikaa hapo muda mrefu kuliko kwingine kote, chai mkononi.

Uchovu ukiwazidi, kuna maonyesho ya ndani yenye kiyoyozi, lakini chagueni. Banda la Marekani lina onyesho la karibu nusu saa kuhusu historia yao, na mnakaa kwenye viti vizuri. Sifa nyingine za onyesho hilo sina, ila wazee wanaweza kusinzia humo bila kusumbuliwa. Filamu ya Ufaransa nayo ina viti. Zile za China na Kanada zinawazunguka pande zote, na mnatazama mkiwa mmesimama. Msimpeleke mtu mwenye miguu inayovimba. Duka la Mitsukoshi huko Japani halina onyesho, lakini lina baridi nzuri na watoto wanaweza kupotelea humo saa nzima. Shikeni pochi.

Kuhusu siku ya kwenda: epukeni Jumamosi, hasa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, wakati wa tamasha la chakula na mvinyo. Vibanda vya ziada vinajengwa kuzunguka ziwa na sahani ndogo ndogo ni tamu kweli, lakini kuna watu wazima waliojiwekea shindano la kunywa pombe kila nchi, na kufikia jioni wanakuwa wamefika mbali kuliko Kanada. Siku za kazi, tamasha hilo hilo ni raha. Miezi ya joto ya huku tarajieni radi na mvua alasiri; makoti ya plastiki nunueni madukani mjini, bei ya ndani ni ya kukusikitisha.

Kila mgeni, akishazunguka, huuliza: na Afrika iko wapi? Kati ya China na Ujerumani kuna kituo kidogo chenye ngoma za kupiga, duka na vinywaji. Basi. Enzi za ufunguzi ulikuwepo mpango wa kujenga banda la Afrika ya ikweta, halikujengwa. Afrika yao waliipeleka Animal Kingdom mwaka 1998, kwenye mji wa kubuni wa Harambe uliochukua mengi kutoka Lamu, lakini hiyo ni bustani nyingine na tiketi nyingine.

Ninachofanya mimi ni kuwapeleka wageni kula kwenye hoteli ya jirani na bustani hiyo, Animal Kingdom Lodge. Kula pale hakuhitaji tiketi ya bustani yoyote, ila wekeni nafasi, maana mlinzi wa getini anaweza kuwauliza. Boma ni mahali pa kujipakulia mwenyewe mpaka ushibe. Kwa watu wa pwani nachagua Sanaa, iliyo upande wa Kidani Village: chakula kina mkono wa Kihindi, na sinia la mikate yao huja na achari na chatini za kila namna, watu wanne mnachovya mpaka mnasahau kuagiza kingine. Ombeni meza ya dirishani, tena ya mchana au kabla ya magharibi. Twiga na pundamilia wako hapo nje, na giza likishaingia huwaoni tena.