Usikae kuilinda kompyuta, ifundishe ikuite

Juzi dada mmoja wa Kasulu kanitumia meseji: "Kaka, huwa unasema unaiacha kompyuta inarenda harusi wewe unashuka Kibirizi kununua migebuka, sasa unajuaje kama imemaliza?" Nikaanza kumjibu kwa sauti ikawa ndefu mno, nikaona isiwe tabu ngoja niandike, maana najua humu mko wengi mnaotaka kufungua studio zenu na bado mnakodolea macho ule mstari wa asilimia kompyuta ikirenda, yaani ikitengeneza faili la mwisho la video.

Kwa wasionijua, mimi nimeanzia kwenye studio ya mtu hapa Mwanga, Kigoma, jina nalihifadhi. Sheria yake ilikuwa moja tu: kazi ikiwa inarenda hutoki. Jumamosi tunashuti harusi, Jumapili unakata na kuunganisha, usiku unakaa kwenye kiti cha plastiki unaangalia 41 inakuwa 42, mbu wanakula, na kusinzia huruhusiwi kwa sababu "ikigoma nani ataona?" Na kweli ilikuwa inagoma, hilo simkatalii.

Sasa ile mashine ilikuwa na Ubuntu, aina ya Linux badala ya Windows, na katika kuchokonoa nikakutana na komandi inaitwa notify-send. Unaandika mstari mmoja kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, kidirisha kinachomoka juu ya skrini na ujumbe wako, basi. Nikaunga kwenye skripti, yaani faili lenye komandi zinazofuatana, video ikiisha ujumbe unatokea na mlio juu, nikamwita bosi kwa furaha aje aone. Akaangalia, akaniambia mbele ya wateja, "Nakulipa ukae, sikulipi uchezee kompyuta." Wateja wakacheka. Mwisho wa mwezi kanikata hela eti sikuwa kwenye kiti, wakati video ilitoka safi na mwenyewe aliyapokea malipo yake yote. Aisee, hela nimeshasahau ila kile kicheko bado nakisikia.

Miaka ya katikati naiacha, ni madeni na kuhama vyumba. Leo nina chumba changu Katubuka, kazi zinatoka Ujiji, Uvinza mpaka Kasulu. Na wiki iliyopita nimelala zangu, mashine ikaniamsha usiku mnene: imegoma, diski imejaa. Nikaamka, nikafuta mafaili ya zamani, nikairudisha kazini nikalala tena, asubuhi maharusi wakachukua flashi yao wakawahi treni ya Dar. Kwa yule bosi ningekuwa macho usiku kucha na mboni nyekundu, kwa matokeo yaleyale.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Kama una Ubuntu au Linux Mint fungua terminali uandike:

notify-send "Tayari" "Harusi imeisha"

Ikisema haiijui hiyo komandi, install libnotify-bin. Ukishaona kidirisha umeshaelewa nusu, ila nusu iliyobaki ndiyo watu wanaiacha. Wengi wanaandika komandi ya video, wanaweka nukta mkato, kisha notify-send. Sasa nukta mkato haijali, kazi ifaulu au ife utaambiwa "Tayari", unampigia mteja aje, anafika faili linacheza robo. Mimi naandika hivi, hiyo ffmpeg ni programu ya kubadilisha video:

if ffmpeg -nostdin -y -i harusi.mov harusi.mp4; then
notify-send "Tayari" "Harusi imeisha"
else
notify-send -u critical "IMEGOMA" "Amka uangalie"
fi

Programu yoyote iliyoandikwa kwa adabu ikimaliza salama inarudisha sifuri, ikifeli inarudisha namba nyingine, na hiyo if inasoma hiyo namba. Ile -nostdin inaizuia ffmpeg kusubiri chochote kutoka kwenye kibodi. Ile -y nayo usiidharau. Kama kuna harusi.mp4 ya zamani kwenye folda, ffmpeg isiyo na hizo mbili inasimama kukuuliza kama ifute ya zamani iandike mpya, yaani inakaa pale inasubiri jibu na wewe uko Kibirizi unasubiri taarifa, mnasubiriana mpaka jioni. Ukiweka -y umeshajibu ndiyo kabla hujaulizwa, kwa hiyo kama ya zamani unaitaka ibadili jina kwanza.

Na -u critical iwe ya kugoma tu. Kwenye desktopu nyingi, taarifa ya kawaida inapotea yenyewe baada ya sekunde chache, ya critical inang'ang'ania mpaka uibofye. Kuna na -t ya kupanga ikae muda gani, kwa milisekunde, 10000 ni sekunde kumi, ila GNOME, yaani desktopu ya Ubuntu, haiitii kabisa kwa hiyo usipoteze muda nayo. Ukiwa usingizini kidirisha hakina maana, ongeza mlio chini yake:

paplay /usr/share/sounds/freedesktop/stereo/complete.oga

Spika uache imefunguliwa basi, sio umeziba halafu unailaumu skripti.

Sasa kuna sehemu inawakatisha tamaa watu na nataka mnisikilize. Skripti inafanya kazi vizuri ukiiendesha kwa mkono, ukiiweka kwenye cron, ile ratiba ya Linux ya kuendesha komandi kwa saa uliyopanga, ijiendeshe yenyewe, kimya. Hakuna kidirisha, hakuna chochote, mtu anasema Linux mbovu anarudi kulalamika. Cron haijui kama una skrini. Notifikesheni zinapita kwenye njia inaitwa D-Bus, kila mtu aliyeingia kwenye mashine ana ya kwake, na cron haijaelekezwa ya kwako iko wapi. Juu kabisa ya skripti weka:

export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus

Hiyo 1000 mara nyingi ndiyo namba ya mtumiaji wa kwanza, ya kwako unaipata kwa kuandika id -u. Ukiendesha kwa sudo nako utakutana na shida hiyohiyo, unakuwa mtu mwingine mbele ya mashine.

Hii ya cron mimi naitumia kwa betri. Umeme wetu mnaujua. Ukikatika usiku laptopu inaendelea kimyakimya mpaka inazima na kazi ya watu tumboni, kwa hiyo kila dakika tano skripti inasoma /sys/class/power_supply/BAT0/capacity, ndani kuna namba tupu ya asilimia, ikishuka chini ya 25 inapiga kelele nasimamisha kazi kistaarabu. Laptopu nyingine imeandikwa BAT1, chungulia folda yako kwanza.

Ila vijana, tuambiane ukweli. Tunapenda kusema hatuendelei kwa sababu hatuna mashine kali, ooh RAM ndogo, ooh kadi ya picha, wakati hiyo ndogo uliyonayo umeifanya ikutumikishe wewe. Na mwingine akishajifunza anaweka notifikesheni kila kitu, faili limefunguliwa taarifa, limefungwa taarifa, baada ya wiki hasomi hata moja na ile ya kugoma inapita hapohapo. Mimi kwa kila kazi naruhusu mbili tu, imeisha au imegoma, ukiacha ile ya betri. Jiheshimu, heshimu na macho yako.

Wa Windows, msinune. Fungua PowerShell, andika Install-Module BurntToast, ikimaliza New-BurntToastNotification -Text "Tayari", "Harusi imeisha". Wa Mac ni osascript -e 'display notification "Harusi imeisha" with title "Tayari"'. Kanuni ya if ni ileile, mnaandika kwa lugha ya huko kwenu.

Dada wa Kasulu, Kibirizi kidirisha hakinifuati, pale natumia ntfy, huduma ya kutuma taarifa kwenye simu. Unaweka app yake kwenye simu, unajiunga na chaneli kwa jina unalotunga mwenyewe, na kwenye skripti unaongeza:

curl -d "Harusi imeisha" ntfy.sh/jinalako

Bando liwepo pande zote mbili, kwenye simu na kwenye mashine. Jina tunga gumu lenye namba katikati, maana ile chaneli haina kufuli, yeyote anayelijua jina anasoma kila unachotuma, na kwenye ujumbe usiandike jina la mteja wala namba yake ya simu.