Baba anataka nitoe pesa zote benki: nimsikilize?

Dada, unauliza kama utoe akiba yote uifiche nyumbani, kwa vile mzee wako haiamini kabisa Benki Kuu ya Uganda. Kwanza, usimcheke. Mwaka 1987 shilingi 100 za zamani ziligeuzwa kuwa 1 mpya, kisha serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Aliyepitia hayo hatulizwi na hotuba ya gavana. Na mwaka 2024 waziri alikiri bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu zilidukuliwa, ingawa alikanusha kiasi ambacho magazeti yalisema kimeibwa.

Lakini mwulize mzee kwa heshima: mwaka ule wa 1987, noti za chini ya godoro zilipona? Nazo zilikatwa vilevile.

Wizi wa 2024 ulihusu pesa za serikali, si akiba yako. Linalokuhusu wewe ni benki yako ikianguka. Crane Bank ilipochukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, wateja walihamishiwa benki ya DFCU mwezi Januari 2017 pamoja na amana zao. (Jinsi mauzo yenyewe yalivyofanywa, wabunge walihoji sana, na walikuwa na haki.) Siku hizi Mfuko wa Kulinda Amana hulipa hadi shilingi milioni 10 kwa kila mteja katika kila benki. Ukiwa na zaidi, gawanya kwenye benki mbili. Akiba ya SACCO haimo katika kinga hiyo, kwa hiyo usiihamishie huko yote.

Nyumbani bakiza ya matumizi ya mwezi tu.