Mwanangu Hana Midoli ya Dukani, Je, Ubongo Wake Utachelewa?

SWALI: Mwanangu ana miezi 14. Akipata nafasi hushinda kwenye beseni akichota na kumwaga maji, na akitolewa hapo hupanda viti. Jirani anasisitiza nimnunulie midoli ya kielimu na kumwekea katuni ili akili ichangamke, na dada wa kazi humbeba mgongoni kwa muda mrefu ili atulie. Je, ninamchelewesha?
Mama, Morogoro

JIBU: Kwa kumwachia maji humcheleweshi hata kidogo, mama. Mtazame anapochota: anakaza vidole kwenye kikombe, anapima uzito wake, anageuza kiganja polepole, kisha anasikiliza maji yanavyolia kwenye beseni, na hapo hapo anarudia tena. Katika tendo hilo moja, ngozi, macho, masikio na misuli hupeleka habari kwenye ubongo kwa pamoja, na njia za neva zinazotumika mara kwa mara huimarika, ilhali zisizotumika hufifia. Kwa hiyo kule kurudia kunakokuchosha wewe ndiko kunakomjenga yeye. Kupanda viti nako hukifanyisha kazi kiungo cha msawazo kilichomo ndani ya sikio, kama atakavyofanya akianza kucheza ukuti ukuti na wenzake.

Ninachokiona kinahitaji kurekebishwa ni huko kutulizwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa umri wake apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku, asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, na asikalishwe mbele ya televisheni. Mbeleko ina heri zake, kwani humpa mtoto joto na sauti ya mlezi, lakini baada ya muda mfupi ashushwe atambae na kusimama.

Midoli si lazima. Mpe vifuniko vya sufuria, mwiko na vitambaa laini na vya kukwaruza, lakini maharage na karanga viwe mbali naye kwa sababu humkaba. Kwenye beseni asiachwe peke yake hata dakika moja, maana mtoto huzama katika maji ya kina cha sentimita chache, na akishamaliza myamwage. Ukiwa umeketi karibu naye, mtajie anachokigusa: baridi, limejaa, limemwagika. Katuni haiwezi kumsubiri ajibu, wewe unaweza.