Usinunue kitabu cha sarufi kwanza

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umetoka Muleba, uko mwaka wa kwanza Kampala, kazi zako mbili zimerudi na alama za chini na mhadhiri kakuandikia pembeni kwamba umesimulia tu, hujachambua. Sasa unauliza ununue kitabu gani cha sarufi ya Kiingereza. Mimi nilitokea Bukoba kwa njia hiyohiyo ya Mutukula na nikawaza kama wewe. Nilinunua kitabu pale Wandegeya, nikakesha nacho mwezi mzima. Kazi iliyofuata ikarudi na alama zilezile, tofauti ni kwamba haikuwa na makosa ya sarufi.

Kilichonizindua ni jamaa wa Masaka niliyekaa naye hosteli Kikoni. Huyo kasoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na akiongea utadhani anasoma taarifa ya habari. Alama zake zilikuwa kama zangu. Nikajua hapa kuna jambo jingine.

Tulikuwa tumepewa makala kuhusu Mkataba wa Buganda wa 1900, tuandike kurasa tatu: mwandishi anadai nini, na sisi tunamkubali kiasi gani. Mimi nikaeleza mkataba wenyewe. Ulisainiwa Machi 1900, upande wa Waingereza alikuwepo Harry Johnston, ardhi ikagawiwa kwa maili za mraba na ndiyo maana hadi leo Waganda wanasema ardhi ya mailo. Yote sahihi. Mwalimu akaniita ofisini, akaniambia bila ukali, "Haya nayajua. Mwandishi anasemaje?" Nikarudia mkataba. Akauliza tena. Nikanyamaza, maana sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya makala kuna mtu anayevutia upande wake. Sisi tumekulia kwenye madesa, zile notisi za kukariri: kilichochapwa ni ukweli, unakimeza, siku ya mtihani unakitema kama kilivyo.

Akanionyesha sehemu moja tu, ambapo mwandishi alisema Buganda iliukubali mkataba. "Buganda ipi?" Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikuwa mtoto wa miaka mitatu na kitu. Waliomshikia madaraka ni Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, na wao pamoja na machifu wenzao walipata ardhi kubwa katika mgao huohuo. Mkulima aliyekuwa akilima pale akajikuta ni mpangaji kwenye shamba la mtu. Sasa rudia kusoma hilo la "Buganda iliukubali". Unaona lilivyobeba mzigo? Ukiandika aya moja kuuliza neno hilo linamjumuisha nani na linamwacha nani, umeshachambua, na hata mtoto wa darasa la saba anaweza kukuandikia Kiingereza chake.

Kosa langu la pili lilijificha zaidi, na naomba uliangalie kwenye kazi zako. Yale maneno madogo, "may", "seems", "suggests", nilikuwa nayaruka kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mwandishi kasema huenda machifu walijua thamani ya walichopewa. Mimi nikaandika walijua. Hapo nimemsingizia mtu. Kiswahili tunayo hayo yote, huenda, inaelekea, yasemekana, na mtaani tunayatumia kwa uangalifu sana tukisimulia habari za jirani. Sijui kwa nini tukishika kalamu ya Kiingereza tunakuwa mashahidi wa macho wa kila kitu.

Dawa niliyoipata ilitoka kwa rafiki wa Arua, tuliyekuwa tunaongea naye Kiswahili. Nikimaliza makala nilikuwa naifunga kabisa, tunateremka kununua rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, na wakati chapati inageuzwa namsimulia: huyu bwana anabishana na nani, anasema nini, ushahidi wake ni upi. Kiswahili cha Arua hakihangaiki na ngeli, lakini kilinibana vilivyo. Kila nilipokwama, ujue sikuelewa, si kwamba nilikosa neno la Kiingereza. Baadaye nakaa naandika bila kufungua makala, kisha ndipo naifungua kuhakiki kama sikumzulia. Kazi ikawa yangu kwa lugha yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nabadilisha neno mojamoja kwenye sentensi ya mwenyewe, na ule ni wizi hata ukitaja jina lake chini. Kutaja, taja kila mara. Mtindo fuata ule wa idara yenu, hilo halina siri.

Halafu mwanzo wa insha. Tulifundishwa kuanzia mbali, tangu enzi na enzi, binadamu amekuwa hivi na vile, methali moja, ndipo tuingie. Mhadhiri ana kazi mia mezani. Mwambie sentensi za mwanzo kabisa unadai nini, hata kama kwa adabu za kwetu inaonekana kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Mimi hili lilinichukua mwaka mzima, na nikiandika barua ya kikazi mpaka leo bado mkono unataka kuanza na salamu za familia.

Ukipata alama mbaya tena, nenda ofisini na karatasi yako, umuulize mwalimu akuonyeshe sentensi moja tu iliyomkera. Moja. Ukimuuliza "nifanyeje nifaulu" atakuambia usome zaidi, na utarudi hosteli kama ulivyoenda.

Kitabu changu cha sarufi kipo huku Bukoba, kurasa za mwisho hazijawahi kufunguliwa. Ukikitaka kweli sema, nitampa mtu wa basi.