Wasomaji Wanauliza: Damien Duff na Mabao Yake Manane

SWALI: Ndugu wahariri, tumebishana sana kijiweni kuhusu Damien Duff wa Ireland. Wenzangu wanasema winga aliyecheza mechi 100 za timu ya taifa akafunga mabao 8 tu hana haki ya kuitwa mkubwa. Mimi nilimwona akiwa Chelsea na hiyo hesabu hainiingii akilini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hesabu ni ya kweli, hukumu ndiyo yenye kasoro. Duff aliianza timu ya taifa Machi 1998 dhidi ya Jamhuri ya Cheki mjini Olomouc, siku ileile aliyoanza mshambuliaji Robbie Keane. Alicheza mechi yake ya 100 Juni 2012 mjini Poznań, akiwa nahodha, Ireland ilipofungwa 2-0 na Italia kwenye Euro. Mabao ni 8, hakuna ubishi.

Sasa waombe wenzako watazame mechi mbili za Chelsea na Barcelona za Ligi ya Mabingwa, mwaka 2005. Kule Camp Nou Duff alipiga krosi, beki Belletti akaitumbukiza kwenye nyavu zake mwenyewe. Kwenye rekodi ni bao la kujifunga, jina la Duff halimo. Chelsea walifungwa 2-1. Kwenye marudiano, dakika ya 19, Joe Cole alipenyeza pasi nyuma ya mabeki, Duff akaikimbilia na kumfunga Víctor Valdés, ikawa 3-0. Ronaldinho alirudisha mawili, John Terry akaongeza la nne kwa kichwa: 4-2, jumla 5-4. Ondoa ile krosi ya Camp Nou uone. Jumla inakuwa 4-4, na Barcelona wanapita kwa sheria ya mabao ya ugenini iliyokuwapo wakati ule: jumla zikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini.

Wenzako nao wana pa kushikia. Duff hakuwa mmaliziaji hodari. Novemba 2009 jijini Paris, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, ndiye aliyerudisha mpira nyuma kutoka pembeni kwa Robbie Keane akafunga. Kipindi cha pili alibaki yeye na kipa Hugo Lloris, akakosa. Baadaye Thierry Henry wa Ufaransa akaushika mpira kwa mkono kabla ya bao lililowatoa Ireland, mkono ambao kila mtu anaukumbuka, lakini kabla ya mkono Ireland walikuwa na nafasi ya kuimaliza kazi, na ilikuwa miguuni mwa Duff.

SWALI: Duff alitumia mguu wa kushoto. Kwa nini kocha wa Chelsea José Mourinho alimchezesha kulia, na mfumo ule ulifanyaje kazi?

JIBU: Sababu ya kwanza ni winga mwenzake Arjen Robben, ambaye naye ni wa kushoto. Msimu wa 2004/05 ulipoanza Robben alikuwa majeruhi, na Mourinho alipanga viungo wanne kwa umbo la almasi, mfumo usio na nafasi ya winga halisi. Duff alianza msimu akiwa pembezoni mwa mipango. Robben alipopona, timu ikahamia 4-3-3: Claude Makélélé chini, Frank Lampard na mwenzake mbele yake, kisha winga wawili na mshambuliaji mmoja. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wa mguu mmoja, mmoja ilibidi avuke. Mara nyingi aliyevuka ni Duff, na mara kwa mara walibadilishana katikati ya mchezo ili beki asimzoee mtu mmoja.

Faida yake iko hivi. Winga wa kushoto akicheza kulia, mguu wake mzuri unaelekea katikati ya uwanja. Akipokea mpira na kukata ndani anaona lango, anamwona mshambuliaji, anamwona Lampard anayekuja kwa kasi. Beki wa pembeni wa mpinzani anakabiliwa na mambo mawili mabaya: akimfuata ndani, anaacha uchochoro nyuma yake, akibaki nje, kiungo wake wa kati analazimika kutoka kumzuia Duff, na hapo ndipo Lampard anapobaki huru.

Gharama ipo. Winga huyo akifika mstari wa goli, krosi inabidi apige kwa mguu dhaifu au asimame ageuke, na sekunde hiyo moja inawapa mabeki muda wa kujipanga. Ndiyo maana mfumo huu unahitaji beki wa kulia anayepanda kwa nje. Chelsea walikuwa na Paulo Ferreira, makini katika ulinzi kuliko katika kupanda, kwa hiyo upande wa kulia ulizibwa vizuri lakini mara nyingine ulibana. Tusisahau pia kazi ya kurudi. Chelsea walimaliza ligi na pointi 95, wakiruhusu mabao 15 tu, na mabao 15 hayatoki kwa kipa na mabeki peke yao. Duff alikuwa anarudi hadi kwenye boksi lake kumsaidia beki, jambo ambalo winga wengi wenye chenga zake hawalipendi.

SWALI: Nafundisha vijana wa miaka 13 na 14. Kuna winga mmoja wa kushoto ambaye ana kasi lakini kila akimkabili beki anapokonywa. Nataka kumfundisha chenga ya Duff. Nianzie wapi?

JIBU: Habari njema ni kwamba Duff hakuwa na mbwembwe. Hakuzungusha miguu juu ya mpira mara tatu. Alitumia bega, mguso mfupi na mabadiliko ya mwendo, na hayo yote yanafundishika.

Anza na upokeaji, maana hapo ndipo vijana wengi wanapotea kabla hata ya kumkabili beki. Winga wa kushoto akipokea kwa mguu wa kulia huku mgongo umeelekea mstari wa pembeni, mguso wa kwanza unaishia chini ya miguu yake na beki anamfikia akiwa amesimama. Mwambie afungue kiwiliwili, apokee kwa mguu wa kushoto, na mguso huo wa kwanza umpeleke mbele hatua mbili.

Kisha kukokota. Mpira uguswe karibu kila hatua, kwa nje ya kiatu, kichwa kikiwa juu. Weka koni sita, hatua moja kati ya koni na koni, apite kwa mguu wa kushoto peke yake, taratibu kwanza. Ukiona mpira unatangulia zaidi ya hatua moja, punguza kasi. Usimruhusu akimbie kabla mguu haujazoea.

Sasa chenga yenyewe. Amwendee beki moja kwa moja, asimzunguke kwa mbali, kwa kasi ya kadiri, kama robo tatu ya uwezo wake. Akibakiza takriban mita moja na nusu hadi mbili, anaangusha bega la kulia na kukanyaga kwa mguu wa kulia kana kwamba anaingia ndani. Beki akihamisha uzito, mguu wa kushoto unausukuma mpira nje, kwa nje ya kiatu, umbali wa mita mbili hivi. Hatua tatu za kwanza baada ya hapo ziwe za kasi yote aliyonayo. Hatua ya mwisho husahaulika: akishampita, akate mbele ya njia ya beki ili mwili wake uwe kati ya beki na mpira. Akifanya hivyo beki ana uamuzi wa kumwacha au kumchezea rafu.

Kijana wako anapokonywa kwa sababu moja kati ya tatu. Anadanganya akiwa karibu mno, hivyo mguu wa beki unafika. Au anadanganya akiwa mbali mno, beki anadanganyika lakini anapata muda wa kurudi. Au, na hii ndiyo tunayoishuku kwa mchezaji mwenye kasi, anamwendea beki akiwa tayari kwenye kasi ya mwisho, kwa hiyo baada ya bega hana gia nyingine ya kubadilisha. Mpigie video mara tano na utaona ni ipi. Mazoezi ya mmoja kwa mmoja yafanyike kwenye uchochoro wa mita 8 kwa 15, raundi fupi na mapumziko ya kutosha. Mchezaji aliyechoka anajifunza chenga ya mtu aliyechoka.

SWALI: Kombe la Dunia 2002 Duff alikuwa winga au mshambuliaji? Kumbukumbu zangu zinagongana.

JIBU: Zote ni sahihi. Kocha Mick McCarthy alimpanga mbele pamoja na Robbie Keane, wawili wafupi wenye kasi. Ireland wakatoka 1-1 na Cameroon, 1-1 na Ujerumani kwa bao la Keane la dakika za majeruhi, kisha 3-0 dhidi ya Saudia mjini Yokohama, ambapo Duff alifunga la tatu na kuinama kwa adabu ya Kijapani mbele ya mashabiki.

Dhidi ya Hispania mjini Suwon, Ireland wakiwa nyuma 1-0, McCarthy alimwingiza Niall Quinn aliye mrefu na kumsogeza Duff winga ya kulia. Mchezo ukabadilika. Beki wa kushoto Juanfran alikosa raha kabisa, na ndiye aliyemwangusha Duff wakapata penalti. Ian Harte alipiga, Iker Casillas akaiokoa. Penalti nyingine ya dakika za mwisho ilifungwa na Keane, ikaisha 1-1, Hispania wakapita kwa mikwaju. Kama mna video ya kipindi hicho cha pili, ndiyo hasa ya kumwonyesha yule kijana wa swali lililotangulia.

SWALI: Alinunuliwa pauni milioni 17 akauzwa milioni 5 baada ya miaka mitatu. Alishuka kiwango?

JIBU: Kidogo, ila soko lilishuka zaidi. Chelsea walimtoa Blackburn Rovers Julai 2003, kiangazi ambacho Roman Abramovich alinunua klabu. Muuzaji yeyote aliyebisha mlango alijua mnunuzi ana fedha. Alipoondoka kwenda Newcastle Julai 2006 alikuwa na mataji mawili ya ligi na Kombe la Ligi la 2005, lakini mbele yake walikuwa Robben, Joe Cole na Shaun Wright-Phillips. Klabu inayouza mchezaji wa akiba haipati bei ya mchezaji wa kikosi cha kwanza.

SWALI: Ni kweli aliishusha Newcastle daraja kwa bao la kujifunga?

JIBU: Ni kweli bao limeandikwa jina lake. Mei 24, 2009, siku ya mwisho ya ligi, Gareth Barry wa Aston Villa alipiga shuti kutoka mbali, likamgonga Duff na kumpoteza kipa. Ikaisha 1-0. Newcastle walimaliza na pointi 34, Hull City 35, na Hull nao walifungwa siku hiyo, kwa hiyo sare ingewatosha Newcastle kwa tofauti ya mabao. Lakini timu inayohitaji sare moja katika mechi ya 38 imejishusha yenyewe katika zile 37. Duff alihamia Fulham kwa Roy Hodgson, aliyewahi kumfundisha Blackburn, na mwaka uliofuata alikuwa kwenye fainali ya Ligi ya Europa mjini Hamburg, waliyofungwa 2-1 na Atlético Madrid katika muda wa nyongeza.

SWALI: Kijana wa Dublin leo anaweza kupita njia aliyopita Duff? Na klabu zilizomlea utotoni zilipata chochote kwenye zile milioni 17?

JIBU: Njia ile imefungwa. Duff alikulia kwenye klabu za vijana za Dublin, zikiwemo Lourdes Celtic na St Kevin's Boys, na mwaka 1996 akaingia Blackburn akiwa bado mdogo. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, klabu ya Uingereza haiwezi kumsajili mchezaji kutoka Ireland kabla hajatimiza miaka 18. Akitaka kuondoka akiwa na 16 au 17, sheria za FIFA zinamruhusu kwenda nchi nyingine za Umoja huo kwa masharti ya elimu na malezi.

Kuhusu fedha, kanuni ya mshikamano ya FIFA inatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomfundisha mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23 ni 0.5. Misimu minne ya mwanzo kwenye pauni milioni 17 ingekuwa pauni 170,000. Tatizo ni kwamba uhamisho wa 2003 ulikuwa kati ya klabu mbili za Uingereza, na kanuni wakati huo ilihusu uhamisho wa nchi kwa nchi tu. Ilipanuliwa Julai 2020 kugusa pia uhamisho wa ndani pale klabu ya malezi inapokuwa ya nchi nyingine. Klabu ndogo hupoteza haki hii kwa kutomsajili mtoto kwenye shirikisho: bila jina lake kwenye rekodi za usajili za msimu husika, hakuna cha kudai.

SWALI: Alimalizia wapi, na sasa yuko kwenye ukocha?

JIBU: Baada ya Fulham alikwenda Melbourne City ya Australia mwaka 2014, kisha Shamrock Rovers ya Dublin, akatundika daluga Desemba 2015. Alipita kwenye benchi la Celtic na la timu ya taifa ya Ireland kama msaidizi, na Novemba 2021 akapewa ukocha wa Shelbourne, klabu ya Dublin. Mwaka 2022 walifika fainali ya Kombe la FAI, yaani la shirikisho la soka la Ireland, wakachapwa 4-0 na Derry City. Mwaka 2024 walitwaa ligi, taji lao la kwanza tangu 2006, kwa kushinda 1-0 siku ya mwisho, na uwanja ulikuwa wa Derry haohao. Alijiuzulu Juni 2025.