"Fedha zangu za ruzuku ya mbolea mbona haziingii?"

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Mkata, Handeni. Nilijiandikisha ofisi ya kijiji kwa ekari nne za mahindi, na namba ya mkulima ikaja kwenye simu. Mpaka leo fedha za ruzuku hazijaingia. Kuna kijana anasema ana mtu wake wizarani. Anataka elfu kumi pamoja na namba yangu azifuatilie. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe hata senti, na namba usimtajie. Hakuna cha kufuatilia, kwa sababu hakuna fedha inayokuja kwako.

Hili nalirudia kila msimu, kuanzia Kilindi mpaka Muheza, na bado watu wanakaa wakitazama simu. Wengi wanachanganya na TASAF, ambako kaya maskini hulipwa fedha taslimu. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 iko kwenye bei. Unakwenda kwa wakala, unatoa namba yako, unalipa bei iliyopunguzwa, unabeba mfuko. Kinachobaki Serikali inamlipa aliyeleta mbolea. Usiponunua, hujapata ruzuku, basi.

Sasa tazama huyo kijana anataka nini hasa. Msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia) au Urea (ya kukuzia) ulikuwa Sh70,000 kwa ruzuku, wakati bei ya soko ilipita Sh120,000. Ekari nne za mahindi, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kila ekari, ni mifuko minane. Kwa bei zile, tofauti inapita Sh400,000. Elfu kumi ni ya kukulainisha tu. Anachokitaka ni namba. Akishirikiana na wakala asiye mwaminifu, mifuko inatoka kwa jina lako na kuuzwa bei ya soko. Siku ukifika dukani na fedha yako mkononi, unaambiwa umeshachukua.

Linaniuma kwa sababu tulishaliona. Vocha za karatasi za ruzuku, za mwaka 2008 na kuendelea, ziliharibika hivyohivyo: mkulima anasaini, anapewa visenti vya sukari, mbolea inaishia shamba la mwingine. Karatasi imeondoka, vishoka wamebaki. Tena wapo wanaokusanya namba za kijiji kizima "kurahisisha usafiri". Kama ni usafiri, kodini gari pamoja, lakini kila mtu aende dukani mwenyewe, alipe mwenyewe, adai risiti, na ahakikishe mfuko haujafunguliwa na kushonwa upya.

Wewe nenda kwa mtendaji wa kijiji ukahakiki jina lako na zile ekari nne, kisha nunua ya kupandia kabla mvua za masika hazijaanza. Na kama namba umeshamtajia, usingoje kesho: mweleze mtendaji na afisa ugani leo, waangalie kwenye mfumo kama kuna mfuko uliokwisha kutoka kwa jina lako.