Wasomaji Wauliza: Umeme wa Pamoja, Kodi ya Jengo na Mpangaji Asiyelipa

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vitatu vya kupangisha na mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, ni moja. Wapangaji wanachanga sawa kwa sawa, mwenye friji na mwenye taa mbili tu. Kila umeme ukikata ni ugomvi. Fundi ananiambia niweke mita ndogo kila chumba. Je, itasaidia?
*Mama mwenye nyumba, Mbagala*

JIBU: Mita ndogo, zile mafundi wanazoziita sabumita, zitamaliza ugomvi wa nani katumia nini. Bei hazitaipunguza, na kwenye bei ndiko wapangaji wako wanakoumia zaidi.

Mteja wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti moja kwa shilingi 100. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika 122. Anayezoea kuvuka kiwango hicho huwekwa daraja la kawaida, shilingi 292, na pamoja na tozo inakuwa kama 356. Ndiyo maana kwa shilingi elfu moja mmoja anapata uniti 8.2 na jirani yake 2.8. Mita haijui kwamba nyuma yake kuna familia tatu; inawahesabu kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa.

Chukua mfano. Chumba cha kwanza kimetumia uniti 31, cha pili chenye friji 58, cha tatu 22, taa za nje 7. Jumla ni 118, na kwa 356 ni kama shilingi 42,000. Kila chumba kingekuwa na LUKU yake kwenye daraja la chini, umeme uleule, pamoja na taa za nje, ungegharimu takriban 14,400. Tofauti ya zaidi ya 27,000 kila mwezi inatoka mifukoni mwa watu wenye kipato kidogo, kisha tunashangaa kodi ya pango inachelewa.

Kwa hiyo shabaha yako iwe LUKU kwa kila chumba, hata ukianza na kimoja mwaka huu. Kwanza nyaya za kila chumba zitenganishwe kabisa, kila kimoja na meni swichi yake na waya wake wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa sababu TANESCO hawaungi umeme bila fomu yake. Maombi hutumwa kwa mfumo wao wa NIKONEKT au ofisini kwao. Pima pia umbali kutoka kwenye nguzo: ukivuka mita 30 huenda ikahitajika nguzo nyingine, na hapo gharama hupanda sana.

Wakati unajipanga, weka mita ndogo, ila kwa mpangilio. Zifungwe zote mahali pamoja, karibu na LUKU, kwenye boksi lenye kioo ili kila mpangaji asome bila kukuomba ufunguo. Baada ya kila mita iwepo sakiti breka ya chumba hicho. Soketi zivutiwe waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5. Chumba chenye jiko la umeme kipewe laini yake nene zaidi. Jiko la wati 2,000 kwenye waya wa taa ni moto unaosubiri siku yake.

Kabla ya kumlipa fundi, fanya majaribio matatu mbele ya wapangaji. La kwanza: zima breka moja baada ya nyingine, uangalie kinachozimika. Kwenye nyumba za zamani ni kawaida kukuta soketi ya chumba kimoja inalishwa na laini ya jirani. Usipoligundua leo, mita zitasema uongo miaka yote. La pili: zima kila kitu, kisha tazama taa nyekundu ya LUKU. Ikiendelea kupepesa, kuna umeme unaovuja au kuna laini imechepushwa kabla ya mita ndogo. La tatu: washa pasi ya wati 1,000 chumba kimoja na uhesabu mipepeso ya mita ndogo ya chumba hicho. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa uniti moja, inapaswa kupepesa mara 16 au 17 kwa dakika wakati pasi inapata moto. Ikipepesa mara 10, mita hiyo huenda ni mbovu, irudishe dukani.

Soma mita zote tarehe moja kila mwezi, pamoja na uniti zilizotumika kwenye mita kubwa, kila mmoja apige picha kwa simu. Jumla ya mita ndogo itapungua kidogo kuliko mita kubwa. Pengo hilo ni taa za nje na pampu, nalo ni lako wewe mwenye nyumba, usiwagawie. Pengo likikua ghafla bila sababu, rudia jaribio la kuzima kila kitu. Na uniti uwauzie kwa bei ileile uliyonunulia.

Zipo pia mita ndogo za kulipia kabla, mpangaji anaingiza namba zake mwenyewe. Zinakuondolea kazi ya kukusanya hela, lakini uliza kwanza makato ya anayeuza namba hizo kwa kila ununuzi, na nani atatoa huduma mfumo wake ukisimama Jumamosi usiku.

SWALI: Mpangaji wangu anataka nimrudishie shilingi 1,500 anazokatwa kila mwezi akinunua LUKU. Ana haki?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndiyo. Hiyo ni kodi ya jengo, inayokatwa kwa LUKU tangu 2021. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Anayedaiwa ni mmiliki. Njia nyepesi ni kuipunguza kwenye kodi ya pango: kwa mkataba wa miezi sita ni 9,000, iandikeni kwenye risiti. Kama kiwanja chako kina nyumba moja yenye mita mbili na zote zinakatwa, nenda ofisi inayokusanya kodi ya jengo eneo lako na namba za mita zote ili ibaki moja.

SWALI: Mpangaji amekaa miezi mitatu bila kulipa. Kaka yangu anasema niweke kufuli langu akienda kazini. Mkataba tuliandikiana.
*Baba mwenye nyumba, Tanga*

JIBU: Usiweke kufuli, usikate maji, usitoe mlango. Ukimfungia mtu vyombo vyake bila amri, kesi inageuka: jana ulikuwa unadai, leo unadaiwa, na atataja hata vitu ambavyo hakuwahi kuwa navyo.

Anza na barua. Taja miezi anayodaiwa, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa na tarehe ya kuondoka asipolipa. Asaini nakala, akikataa, mpelekee pamoja na mjumbe au kiongozi wa serikali ya mtaa ashuhudie. Kama mkataba uliisha na amekuwa akilipa mwezi kwa mwezi, notisi ya kumaliza upangaji isipungue muda wa kipindi cha malipo, yaani mwezi mmoja.

Asipotekeleza, peleka shauri Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwasuluhisha, omba hati ya kuthibitisha hivyo na uende nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu kwenda hata bila hati hiyo.

Watu wengi hukwama kwenye makosa mawili. La kwanza ni mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu: baraza linaweza kukataa kuupokea kama ushahidi mpaka ulipie ushuru na faini. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Chumba cha 80,000 kwa mwezi ni shilingi 9,600. La pili ni kupokea kodi ya miezi inayofuata tarehe ya kuondoka iliyoko kwenye notisi. Atasema umemkubali upya, na ana hoja. Akileta hela, ipokee kama deni la nyuma, andika kwenye risiti miezi inayolipwa, na ongeza mstari mmoja kwamba notisi ya tarehe fulani bado inasimama. Akituma kwa simu, mjibu kwa ujumbe wenye maneno hayohayo siku hiyohiyo.